Pampu Niliyoijenga Jumapili

Mwalimu wangu wa masomo ya jioni pale Masasi aliniomba niende nikazungumze na wanafunzi wake. Alitaka niwaambie jambo moja tu: ile pampu niliyoijenga kwa mikono yangu, bila kutumwa na mtu, ilinisaidia kupata kazi au haikunisaidia? Nikasimama mbele ya ubao, nikasema, "Ilinisaidia." Wakapiga makofi mpaka popo wa darini wakahama mkoa. Nikakaa.

Sikuwadanganya. Ila jibu la neno moja ni kama ugali mkavu; unashiba lakini huwezi kusema umekula. Mboga yake naiandika hapa.

Wakati ule nilikuwa mbeba mabomba wa kampuni moja ndogo ya kuchimba visima na kufunga pampu. Uwanja wetu wa vifaa ulikuwa Masasi mjini, chini ya ile milima ya mawe inayotuchungulia kama wakwe waliokuja bila taarifa. Mabomba niliyoyabeba, ukiyaunganisha moja baada ya jingine, yanafika mwezini na yanabaki ya kurudia. Lakini nilikuwa kibarua wa kutwa. Asubuhi nafika getini, nikiitwa naingia, nisipoitwa narudi nyumbani nikiwa nimevaa viatu vya kazi kama mtu aliyetoka kazini.

Mafundi walivaa ovaroli za bluu, wakakaa mbele ya lori karibu na dereva. Sisi tulikaa nyuma juu ya mabomba, tukila vumbi la barabara ya Newala mpaka tukifika juu tambarareni hata mama zetu wasingetutambua. Fundi alikuwa na mkataba. Mimi nilikuwa na kikohozi.

Na mkataba huo ndio uliokuwa umeshika nyumba yangu. Mke wangu alikwenda kwao Lisekese wakati wa palizi, yeye na binti yetu wa miaka minne, kumsaidia mama yake kwenye shamba la mikorosho. Palizi likaisha, hawakurudi. Nikapiga simu.

"Umeniacha?" nikamuuliza.

"Sijakuacha, baba mtoto. Ila sitakaa kwenye chumba cha kupanga nikimngoja mtu ambaye hata yeye hajui kama kesho ataitwa getini. Huku kuna mhogo, kuna mama, kuna kazi. Ukipata mkataba njoo utuchukue. Hata kwa baiskeli tutakuja."

Sikuweza kumlaumu. Kwa watu wetu shamba ni la mama na nyumba ni ya mama. Mwanamume ni mgeni anayekaa muda mrefu. Mimi ndiye niliyemtoa kwao, nikamleta mjini kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama choo cha jirani.

Chumba kile, walipoondoka, kilikua. Nasema kweli. Kilikuwa cha hatua nne kwa tatu, kikawa kama uwanja wa mpira. Nilipika ugali wa watu watatu kwa mazoea ya mkono, nikala wa mmoja, uliobaki nikaula asubuhi ukiwa mgumu kama tofali. Redio niliiacha ikiongea kutwa ili jirani wasidhani nimekufa. Mwenyewe nilihitaji uthibitisho huo kuliko wao.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu, nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa yamefika masikioni. Fizikia nilipata D, lakini D yenye afya, iliyonona. Nikaichukua D yangu nikaenda nayo kwa mhandisi, mwenye kampuni. Alikuwa mtu wa kaskazini, mpole, mwenye haraka, anayeongea huku anatafuta funguo za gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba unifikirie nafasi ya fundi."

"Umewahi kufunga pampu peke yako?"

"Bado, mzee."

"Basi funga moja. Nije nione." Akazipata funguo, akaondoka.

Mwenzangu niliyekuwa nabeba naye mabomba alikuwa amesikia yote. Akacheka mpaka akaweka chini upande wake wa bomba. "Hongera, Injinia wa Jioni! Umefukuzwa kwa adabu, nawe unatabasamu!"

Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu mpweke husikia ahadi hata mahali mwenzake anaposikia mlango unafungwa. Mimi nilisikia: nije nione.

Mahali pa kuifunga nilipajua. Kijiji cha marehemu mama yangu kiko upande wa Newala, ukingoni kabisa mwa tambarare, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na ukitazama chini unaona mabonde yanakwenda mpaka Msumbiji. Juu pale kuna upepo, kuna mihogo, kuna mikorosho, kuna kila kitu ila maji. Wenye bati huvuna ya mvua kwenye kisima cha saruji uani. Kiangazi kikikausha visima, na bomba la mradi likikaa kimya, wanawake hushuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda na ndoo kichwani. Njia ile inapanda mpaka mbuzi wanaijadili kabla ya kuipita. Katikati yake kuna sehemu tambarare, upana wa kama vyumba viwili, inaitwa pumzikio. Kutoka chemchemi hadi pumzikio ndipo penye mwinuko mkali zaidi. Mama yangu alipitia pale kila siku akiwa na mimba yangu, na nadhani ndiyo sababu nilizaliwa nikiwa nimechoka.

Darasani mwalimu alitueleza kwamba maji yanayokimbia ndani ya bomba yakizuiwa ghafla hugonga kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake. Baadaye nikaona kwenye simu pampu inayotumia kishindo hicho hicho. Haitaki mafuta wala umeme wala jua. Maji yanashuka kwenye bomba la chuma, yanatokea kwenye tundu la chini lenye kizibo kinachochezacheza. Mwendo ukikolea yanakifunga kizibo hicho yenyewe, pa! Kishindo kinasukuma maji kidogo kwenye mpira unaopanda juu. Kizibo kinafunguka tena, yanamwagika tena, pa! Hivyo hivyo usiku na mchana. Niliitazama video ile mpaka bando likaisha, nikakopa bando, nikaitazama tena.

Nikaomba mabaki nyuma ya stoo: mabomba yaliyopinda, mpira uliotobokatoboka, mtungi mtupu wa kuzimia moto. Mtunza stoo alinikubalia kwa furaha ya mtu anayefagiliwa uwanja. Kila Jumamosi mchana nilidandia lori au pikipiki hadi kijijini, nikalala kwenye nyumba ya mama iliyofungwa, na alfajiri ya Jumapili nikashuka bondeni na spana zangu.

Kwa wasiojua upweke wa Jumapili, nauelezea. Kengele ya kanisa inalia juu, wewe uko chini kwenye matope. Watu uliobatizwa nao wanaimba, sauti zinakufikia vipande vipande kwa upepo, unatambua wimbo lakini hupati maneno. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa kwelikweli, na habari kwamba mkwe wake haonekani ibadani ilifika Lisekese kabla mimi sijafika Masasi. Mke wangu akanipigia.

"Mama anauliza kama umehama dini."

"Mwambie najenga pampu."

"Nilimwambia. Anasema afadhali ungehama dini, angejua wa kumwombea."

Tulicheka wote wawili. Halafu simu ikawa na ule ukimya ambao kila mmoja anangoja mwenzake aseme neno la maana. Akasema, "Mtoto amelala." Ilikuwa saa kumi jioni.

Pampu ya kwanza iligonga mara tatu ikafa kama kuku wa kideri. Ya pili ilirusha kizibo chake, kikanipita sikioni na nadhani mpaka leo kinazunguka dunia. Kizibo kilikuwa kigumu kukipatia: kikiwa kizito hakifungi, kikiwa chepesi hakifunguki. Nilikata mpira wa kandambili, nikaufunga kwa nati, nikaongeza nati moja, nikatoa, nikaongeza. Jumapili nzima kwa ajili ya nati moja! Nilianza kuongea nayo. "Sasa wewe unataka nini, mama?" Nikajijibu kwa sauti nyingine. Wanawake waliokuja kuteka maji walinisikia, wakapunguza mwendo, wakapita upande wa mbali.

Aliyekuwa hapiti mbali ni bibi mmoja, mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa chemchemi. Hakuchaguliwa na mtu, ila foleni ya ndoo ilipangwa kwa macho yake. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wake aliniita mume wake, kama ilivyo kawaida yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Bado unafua vyuma?"

"Nakutengenezea mtumishi wa kukubebea maji."

"Nilikuomba? Nilikuomba mtumishi au nilikuomba sukari? Mume gani huyu, anakuja na misumari!"

Nilicheka, nikaendelea kufunga. Hata siku moja sikumkalisha chini nikamweleza kitu kile kinafanya nini. Nilitaka kiwe cha kushangaza. Nilijipigia picha wanawake wote wamesimama pumzikio, maji yanatoka, wananipigia vigelegele, na mhandisi amesimama pembeni na ovaroli mkononi, saizi yangu.

Jumapili moja ya kiangazi ikagonga, haikusimama. Nikahesabu mapigo mia, haikusimama. Nikapanda mbio kuelekea pumzikio, mpira ukiwa pembeni yangu kwenye nyasi, nikauona unatetemeka kila kishindo kikipiga kule chini. Nikaushika mdomo wake. Upepo ulitoka, kisha mate, kisha maji. Uzi mwembamba kama penseli, baridi, umepanda mwinuko ule bila kichwa cha mwanamke. Nilipiga ukelele ambao Msumbiji walidhani ni vita.

Hakuna aliyeitika. Wanawake walikuwa wameshateka alfajiri, watu walikuwa ibadani. Pumzikio lina mtandao wa kijiti kimoja ukisimama upande wa mashariki. Nikangoja saa za ibada zipite, nikasimama mashariki nikampigia mke wangu. Akapokea mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei ovyo. Heshima ni kukaa mbali.

"Mwenye simu yuko shambani," akasema, kwa upole, na akakata.

Nikakaa pale na maji yangu. Niliyanywa, nikaosha uso, nikayaangalia yanavyoingia kwenye mchanga. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote katika maisha yangu, na ilipita kama barua iliyotumwa kwenye nyumba isiyo na watu.

Kesho yake nikamwambia mhandisi. Nilimwambia maji yanapanda mpaka mawingu yanayapisha njia. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikopa nini na kwa nani. "Alhamisi tuna kazi Newala," akasema. "Tutapitia hapo. Nitakupa saa moja."

Niliiacha pampu ikifanya kazi siku hizo zote, ili Alhamisi tuikute imeshakomaa. Na hapo ndipo nilipokosea, kosa ambalo nadhani asiyezaliwa na mtu wa tambarare ile hawezi kulifikiria.

Lazima ujue jinsi maji yanavyoishi kwetu. Yana vyeo. Maji ya kuoshea mihogo ndiyo yanayoosha vyombo. Yaliyoosha vyombo yanaosha miguu. Yaliyoosha miguu yanakwenda kwa mbuzi au kwenye mche wa mpapai. Mtoto akimwaga kikombe, nyumba nzima inanyamaza kana kwamba kuna msiba. Na pampu yangu, ili ipandishe ndoo moja, inamwaga ndoo tisa. Haziharibiki, zinarudi kwenye kijito na kuendelea na safari zao. Lakini jicho linaona nini? Jicho linaona ndoo tisa zinamwagika juu ya mawe, mchana kutwa, usiku kucha, mbele ya wanawake waliopanga foleni.

Kweli, bibi aliwahi kuniuliza, wakati wa majaribio. Alisimama akautazama ule mmwagiko muda mrefu, bila utani, akasema, "Haya yote yanakwenda wapi?"

"Yanafanya kazi, bibi," nikamjibu. Nilijibu kihandisi, maana yake sikujibu.

Alhamisi tukafika. Lori likabaki kijijini, mhandisi na mimi tukaanza kushuka. Nilikuwa mbele, nikipunga mikono, nikieleza. Tulipokaribia pumzikio nikanyamaza ili asikie mwenyewe mapigo kutoka chini.

Kimya.

"Inagonga taratibu?" akauliza.

"Inapumzika," nikasema, nikiwa sijui nasema nini.

Mdomo wa mpira ulikuwa mkavu, na mchwa wawili walikuwa wanapita ndani yake kama watu waliofungua ofisi. Mhandisi akatazama saa. Nikashuka mbio, nikisikia viatu vyake nyuma yangu na kila jiwe alilolipiga teke likinipiga kifuani. Akilini nikawaona mke wangu na binti yangu na mizigo yao wakigeuka kwenye kona ya Lisekese, wanarudi ndani.

Chini, bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya pampu, amekunja mikono kama mlinzi wa benki. Kwenye tundu la kizibo alikuwa amesokomeza gunzi la mahindi, limezungushiwa kipande cha kanga, likakazwa kwa ukanda wa tairi la baiskeli. Kazi safi. Hata tone halikutoka. Nimefunga viungio vingi kwa tepu ya dukani ambavyo havikufikia gunzi lile.

"Karibuni," akasema. "Mume wangu, kifaa chako kilikuwa kinavuja. Nimekutengenezea."

Mhandisi akanigeukia. "Mume wake?"

"Ni bibi yangu, mzee."

"Kisima cha chemchemi kilikuwa kinashuka," bibi akaendelea, akimwelekea yeye sasa, maana aliona ndiye mkubwa. "Tangu Jumapili tunateka kwa kukwangua. Maji yanaingia kwenye bomba lake huku, yanatapika kule. Wenzangu walitaka kung'oa. Nikasema hapana, ni mtoto wa marehemu, hana mtu, ndicho kinachomliwaza. Tumzibie tu."

Hana mtu, ndicho kinachomliwaza. Nilisimama pale na D yangu ya fizikia.

"Ulimweleza inavyofanya kazi?" mhandisi akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Miezi yote hii?"

"Hapana."

Akakaa kwenye jiwe la pili, akavua kofia. Zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini za saa yangu. Ningeweza kuchomoa gunzi na kuiwasha, kumwonyesha yeye, na kumwacha bibi asubiri tuondoke arudishe gunzi lake. Nilifikiria hivyo, sitaficha. Lakini nikachuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, unajua kuchuma embe la juu bila ngazi?"

"Nilikuwa napanda. Babu yako alinipendea hilo."

"Kama mti haupandiki?"

"Wenzangu wanainama, napanda mgongoni."

"Hapa ni hivyo hivyo. Ndoo tisa zinainama, moja inapanda mgongoni mwao, inafika pumzikio. Zile tisa zisipoinama, hakuna inayopanda."

Akafikiri. "Na zile tisa zinapata nini?"

"Zinarudi mtoni. Tazama." Nikampeleka hatua chache, nikamwonyesha maji ya kwenye mawe yanapokutana na kijito. Alichovya vidole kama anayehakikisha.

"Hazikupotea."

"Hazikupotea."

"Lakini zimetoka kisimani kwetu bila kuingia kwenye ndoo. Hilo ndilo kosa lako. Bomba lako linakunywa kabla ya watu. Nani alikufundisha kula kabla ya wenyeji?"

Alikuwa sahihi kama rula. Nilikuwa nimeutumbukiza mdomo wa bomba katikati ya kisima, mahali wanapochovya ndoo. Nikavua shati, nikaingia, nikauhamishia ukingoni mwa kisima, kimo cha kiganja juu zaidi, mahali pa maji yanayofurika yenyewe. Kisima kikijaa, bomba linakunywa kilichozidi. Kisipojaa, linangoja. Bibi akakagua, akasogeza jiwe moja, akasema sasa nichomoe.

Nikachomoa gunzi. Nikakisukuma kizibo kwa kidole mara tano, sita. Pa. Pa. Pa. Ikashika.

Bibi ndiye aliyetangulia kupanda, akituita wavivu. Tulipofika pumzikio tukangoja, watu watatu tunatazama tundu la mpira kama ndugu wanaotazama mlango wa wodi ya wazazi. Mchwa wakatoka kwanza. Kisha upepo. Kisha uzi wangu wa maji. Mhandisi akaweka kiganja, akayaacha yatiririke kati ya vidole, akasahau kuutoa.

"Wewe!" bibi akamkemea. "Unamwagia nini chini? Chukua ndoo!"

Mkubwa wangu, mwenye kampuni, akaomba radhi akachukua ndoo.

Wakati wa kurudi alinikaribisha mbele ya lori. Nilikaa kati yake na dereva, magoti yamebana, nikaona barabara kwa mara ya kwanza bila vumbi, nikasema moyoni, imekuwa. Tulipopita vibanda vya mwisho vya Newala ndipo alipozungumza.

"Pampu ni nzuri. Si nzuri sana, ila ni nzuri."

"Asante, mzee."

"Mafundi ninao watatu, wana vyeti vya ufundi, na wanaotupa kazi wanadai vyeti. Siwezi kukuandika fundi." Akapandisha kioo cha dirisha. "Lakini pampu tunazofunga zinakufa kila mwaka, na tukirudi tunakuta gunzi. Kila mahali kuna gunzi la aina yake. Mafundi wangu wanalichomoa na kuwagombeza watu. Sijaona hata mmoja anayechuchumaa. Nataka mtu atakayetangulia kijijini wiki mbili tatu kabla ya mafundi, akae, aongee na wenye maji. Mkataba wa mwaka. Unaweza?"

Nikasema naweza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Miezi yote ile nilikuwa nashindana na chuma ili nionekane fundi, na kilichonipa kazi ni mdomo, ambao nilizaliwa nao na ambao chini bondeni niliutumia kuongea na nati. Nilifurahi sana. Niliumia pia, kidogo, mahali ovaroli ingekaa.

Siku mkataba ulipochapwa niliuchukua kabla ya kuusaini, nikaenda nao Lisekese. Nilikuwa nimefanya usafi chumbani, nimenunua godoro la mtoto. Ulikuwa msimu wa korosho. Nilimkuta mke wangu chini ya mikorosho akinyonyoa korosho kwenye mabibo, mikono imenata utomvu, binti yetu amelala juu ya gunia tupu. Mama mkwe aliponiona akaingia jikoni, kwa heshima, na kutoka humo nikasikia sufuria inabandikwa.

"Umepata," mke wangu akasema. Aliona usoni.

"Nimepata."

Akanawa kwa majivu na maji kidogo, akajifuta kwa kanga, akaupokea mkataba kwa vidole viwili. Akausoma kwa sauti ili mama yake asikie kutoka jikoni. Jina la kazi likamfurahisha. Muda ukamfurahisha. Kisha akafika kifungu cha nne, akakisoma, akarudi mwanzo wa kifungu, akakisoma tena polepole: mwajiriwa atakaa katika kijiji cha kazi kwa muda wote utakaohitajika, na atahamishwa kutoka kijiji kimoja hadi kingine bila kurejea kituoni.

"Utaanzia wapi?"

"Nanyumbu. Halafu Tunduru."

"Masasi utakuwa lini?"

Nilitaka kusema kila mwezi. Mimi ambaye nimepeleka mabomba mwezini nilishindwa kupeleka uongo huo hatua mbili mpaka kwake. "Mkataba ukiisha, labda. Na Krismasi."

Kuku alipita. Binti yetu akajigeuza kwenye gunia bila kuamka.

"Basi kile chumba tungekaa mimi na mtoto," akasema. "Tukikungoja."

"Ndiyo."

"Bora tukungoje hapa. Hapa tunangoja huku tunafanya kazi."

"Nisiusaini?"

Aliniangalia kwa muda, na sijawahi kumwona ana huruma kama siku ile. Angesema usisaini, ningerudi getini kesho yake na viatu vyangu vya kazi. Nilijua. Yeye pia alijua. Akainama, akageuza debe tupu la korosho, akaulaza mkataba juu ya kitako cha debe na kuushikilia pembeni kwa viganja viwili, upepo usiuchukue.

"Una kalamu?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Nikasaini. Aliendelea kuushikilia mpaka wino ulipokauka.

Kutoka jikoni mama mkwe akasema, bila kunitaja, "Muulize mgeni kama atakula kwanza au gari linamwahisha."

"Atakula," mke wangu akajibu.